Hassan Fathy na Nyumba Zinazojipoza Zenyewe

Wako Wamisri wa karne iliyopita, wanasiasa, waimbaji na waandishi, ambao majina yao hutajwa hata barazani petu Mombasa na Lamu. Jina la Hassan Fathy halisikiki sana, nami naona hiyo ni hasara yetu. Mtu huyu alikuwa msanifu wa majumba, na umri wake aliutumia kutafuta jibu la swali moja: vipi maskini ataweza kujijengea nyumba nzuri, yenye baridi, bila kununua asichoweza kukilipia? Leo ulimwengu unapolia joto na hewa ya kaboni, swali lake limekuwa letu sote.

Alizaliwa Alexandria mwaka 1900, katika nyumba ya watu wenye mali. Baba yake alikuwa na mashamba lakini hakupenda kuyakaribia, kwani kwake yeye shamba lilikuwa ni inzi, mbu na maji machafu. Mama yake ndiye aliyependa shamba, na kijana akakua akilitamani kwa kusimuliwa tu. Alitaka kusomea ukulima, akashindwa mtihani wa kuingilia chuoni, kisha akasomea usanifu wa majengo mjini Cairo na kuhitimu mwaka 1926. Alipofika umri wa miaka 27 ndipo alipokanyaga shamba mojawapo la kwao kwa mara ya kwanza. Alivikuta vibanda vya wakulima vifupi, vyenye giza na uchafu, na aibu ya kuona kwamba watu hao ndio wanaomlisha haikumtoka tena.

Alianza kufikiri. Udongo upo chini ya miguu ya kila mkulima, na matofali ya udongo uliochanganywa na makapi hukauka kwa jua bila kuni wala makaa. Kuta basi si tatizo. Tatizo ni paa, maana Misri haina misitu, na mbao ni ghali. Akapanga kuezeka kwa matofali yayo hayo, kwa kuyapinda yawe tao. Lakini fundi wa mjini hajengi tao mpaka kwanza alishikilie kwa mbao, na vita vilipozuka mwaka 1939 mbao kutoka Ulaya zikawa adimu. Fathy na mafundi wake wakajaribu kujenga bila ya mbao, na paa likaporomoka. Wakajaribu tena, likaporomoka tena.

Ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi Aswan, ndiye aliyemfungua macho kwamba Wanubi wa huko huezeka namna hiyo bila nguzo yoyote. Mwaka 1941 akasafiri. Akaona vijiji safi, nyumba ndefu zilizopakwa rangi, na kila paa ni tao la udongo. Siri ilikuwa ndogo. Fundi hulaza safu ya kwanza ya matofali ikiegemea ukuta wa nyuma, na kila safu inayofuata huegemea ile iliyotangulia, hata chumba kikafunikwa. Matofali yenyewe huwa mepesi kwa wingi wa makapi, na juu yake huchorwa mifuo kwa vidole ili yanate. Kule Luxor yako maghala ya mafarao yaliyoezekwa hivyo, na matao yake yamesimama zaidi ya miaka 3,000. Yule aliyesomea chuo kikuu akakaa kitako akajifunza kwa waashi wa kijijini.

Hapa nataka nieleze jambo moja ambalo wakati ule halikuzungumzwa sana. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuu lenye joto la kiasi cha nyuzi 1,450. Kaboni hutoka katika moto, na hutoka pia ndani ya jiwe lenyewe linapoungua. Hivi leo saruji pekee huhesabiwa kuwa chanzo cha kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni itokanayo na kazi za wanadamu. Kisha nyumba ya saruji ikishapata joto hutaka mashine ya kupozea, na umeme mwingi duniani bado hutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kwa hivyo mtu hulipa mara mbili, na anga nayo hulipishwa mara mbili.

Fathy aliyapima mambo hayo. Mwaka 1964 vilijengwa vyumba vya majaribio mjini Cairo, kimoja cha udongo chenye kuta nene za nusu mita, na kimoja cha zege lenye unene wa sentimita 10. Chumba cha udongo kilikaa baina ya nyuzi 21 na 23 usiku na mchana. Cha zege kilipanda mpaka 36, joto kupita lile la nje. Juu ya hayo alirudisha ua wa ndani, madirisha ya mashrabiya, na ule mnara mfupi wa darini uitwao malqaf, ambao huukamata upepo ulio juu na kuushusha chumbani.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Gourna. Mwaka 1945 Idara ya Mambo ya Kale ilimpa kazi ya kujenga kijiji kipya karibu na Luxor, cha kuwahamishia watu kiasi cha 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Akajenga msikiti, soko, shule, ukumbi wa michezo na nyumba, na hadi leo watu husafiri kwenda kuvitazama. Lakini wenyewe hawakutaka kuhama. Wengi wao riziki yao ilikuwa ni makaburi yale, kwa kuwatembeza wageni na hata kwa kuchimba na kuuza vya kale, na serikali haikuwapa riziki badala yake. Isitoshe, ofisi zilimcheleweshea fedha na vifaa. Tuta la kuzuia maji ya mto likatobolewa makusudi ili kijiji kipya kigharikishwe. Kufikia mwaka 1948 kazi ilisimama, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyokwisha.

Wako waliomcheka. Mimi naona Gourna ndiyo iliyomfanya awe mwalimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyumba iliyoamuliwa na serikali, hata ikiwa nzuri namna gani, si ya yule atakayeilalia. Kisa hicho alikiandika bila kujificha katika kitabu kilichotoka Cairo mwaka 1969, na mwaka 1973 kikachapishwa tena Chicago kwa jina la Architecture for the Poor. Hapo dunia ikamsikia.

Baada ya Gourna alifanya kazi Ugiriki miaka kadhaa, akarudi kwao. Kijiji chake cha New Baris, jangwani Kharga, kilisimamishwa na vita vya mwaka 1967. Mwaka 1980 alitunukiwa tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na ile ya Right Livelihood. Akaenda na waashi wa Kinubi mpaka Abiquiu, New Mexico, wakawajengea Waislamu wa huko msikiti wa udongo. Lakini vijiji vingi vya Wanubi, waliokuwa walimu wake, vilikwisha kuzama katika maji ya bwawa kuu la Aswan katika miaka ya 1960, na wenyewe wakahamishiwa katika nyumba za saruji. Alifariki Cairo tarehe 30 Novemba 1989, katika nyumba ya kale karibu na ngome ya Salahuddin, alikoishi na paka wake.

Sisi wa pwani tusichukue udongo wa Misri kama ulivyo. Kwao ni kukavu, kwetu kuna mvua na unyevu, na nyumba yetu yataka upepo upite na mapaa yatokeze nje. Wala haitakuwa sawa kurudia kukata boriti ovyo, maana mikoko huihifadhi kaboni. Watu wa Gazi tangu mwaka 2013 wanapata fedha za maji na shule kwa kuilinda mikoko yao. Lakini kuta nene, kiwanda cha ndani, vichochoro vyenye kivuli na makuti, hivyo vyote tulikuwa navyo kabla ya mabati. Siku hizi pia yako matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, kwa saruji kidogo tu na bila kuni.

Mwacha asili ni mtumwa, na fundi mwashi mzee asiye na mwanafunzi hufa na kazi yake. Naziomba kamati zetu za mitaa na za misikiti, kabla ya kubomoa jengo la kale au kupitisha ramani ya jipya, ziwaite mafundi hao, na ziwaite pia akina mama watakaokaa na kupika humo, wakae pamoja wasikizane. Fathy alikwenda Aswan kuwatafuta mafundi wake. Sisi wetu tungali nao mitaani.