Mtunzi wa Sherlock Holmes na Picha za Vijini

Kila zinapotangazwa picha za visahani virukavyo angani, watu hugawanyika makundi mawili: waaminio papo hapo na wachekao papo hapo. Wakaao wakaipima picha ni wachache. Kwa ajili ya hao wachache, na tuyatazame maisha ya marehemu Sir Arthur Conan Doyle, bingwa aliyesifika duniani kwa werevu, kisha akanaswa na picha tano tu.

Bwana huyu alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 22 Mei 1859, akasomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo. Mwalimu wake mmoja, Dk. Joseph Bell, alikuwa akimtazama mgonjwa mikono, nguo na mwendo, humweleza kazi yake kabla hajafungua kinywa. Kwa mfano wa mwalimu huyo Conan Doyle alimbuni mpelelezi Sherlock Holmes, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887.

Wala upelelezi wake haukuishia kwenye hadithi. Mwaka 1903 mwanasheria kijana, George Edalji, ambaye baba yake alikuwa Mhindi, alifungwa kwa kosa la kujeruhi farasi usiku. Conan Doyle alipokwenda kuonana naye alimkuta akisoma gazeti amelikaribisha mno usoni. Akatambua kuwa mwenye macho yale hawezi kuvuka makonde gizani. Akamtetea magazetini, na mwaka 1907 kijana akasamehewa.

Basi mtu kama huyo alipotelea wapi?

Kwa miaka mingi alivutwa na madai ya watu wasemao kuwa huzungumza na roho za wafu, na mwaka 1916 alitangaza hadharani kuwa anayaamini. Kisha misiba ikamwandama. Mwanawe Kingsley, aliyekuwa amejeruhiwa vitani Somme, alifariki Oktoba 1918 katika maradhi ya mafua yaliyoenea duniani. Miezi michache baadaye akafariki ndugu yake, Innes. Kipendacho moyo ni dawa, na moyo wake ulipenda dalili kwamba pazia baina ya walio hai na wafu ni jepesi.

Mwaka 1920 akaletewa picha. Katika kijiji cha Cottingley, Uingereza, mabinamu wawili, Elsie wa miaka 16 na Frances wa miaka 9, walikuwa wamepiga picha mbili kijitoni mwaka 1917. Ndani yake walionekana pamoja na vijini vidogo, vingine vikiwa na mabawa. Conan Doyle hakukurupuka, aliwauliza wataalamu. Mmoja alisema vioo vya picha havikuchezewa. Kampuni ya Kodak haikuona alama ya hila, lakini ilikataa kutoa cheti cha ukweli. Kampuni ya Ilford ilisema kuna udanganyifu. Wasichana wakapewa kamera mpya na vioo vyenye alama ya siri, wakaleta picha tatu zaidi. Desemba 1920 Conan Doyle akazitangaza katika jarida la Strand, na mwaka 1922 akazitungia kitabu.

Kosa lilikuwa katika swali. Wataalamu waliulizwa kama kioo kimechezewa, na kweli hakikuchezewa. Swali lililohitajiwa ni hili: mbele ya kamera palisimama nini? Katika picha ya kwanza maji yanayoporomoka nyuma yametoka kama ukungu kwa sababu yalikuwa yakienda, lakini mabawa ya vijini yametulia kabisa. Holmes asingeliacha jambo hilo lipite.

Conan Doyle alifariki tarehe 7 Julai 1930, imani yake haikutikisika. Katika safari yake ya Afrika ya 1928 na 1929 alifika hata Kenya akiihubiri.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka 66. Mwaka 1983 mabinamu wale, sasa vikongwe, walikiri kuwa vijini vilikuwa karatasi zilizochorwa, zikakatwa na kusimamishwa kwa pini za kofia. Walisema waliona haya kufichua baada ya kumdanganya mtu mkubwa kiasi kile. Ila Frances alishikilia kuwa picha ya tano ni ya kweli. Michoro waliinakili katika kitabu cha watoto cha mwaka 1914, na ndani ya kitabu hicho hicho mna hadithi ya Conan Doyle mwenyewe.

Sisi tulifunzwa tangu chuoni kuyaamini ya ghaibu, na kuamini huko hakukungoja kamera. Tulifunzwa pia kuipeleleza habari kabla ya kuipokea, na kuusubiria msiba. Kwa hiyo, msomaji, ukionyeshwa kisahani cha angani, usiulize tu kama picha imechezewa. Uliza palikuwa na nini mbele ya kamera na ni nani aliyeishika. Kisha ujiulize wewe mwenyewe unatamani jawabu gani, kwani hilo ndilo swali ambalo Conan Doyle hakujiuliza.