Teresa na zamu ya ufagio

Teresa wa Avila, mzaliwa wa Hispania mwaka 1515, aliingia monasteri ya Wakarmeli akiwa na miaka 20. Watawa humo walizidi mia. Mabinti wa koo kubwa walikuwa na vyumba vyao vya nafasi, naye akiwamo. Maskini walilala bweni moja. Na wote walikuwa wameweka nadhiri ya ufukara! Aliishi hivyo zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1562 akaanzisha nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu, yenye wanovisi wanne. Wakubwa wa mji wakamjia juu: nyumba isiyo na mapato, nani atailisha? Hakurudi nyuma. Humo majina ya heshima ya koo yalikoma, na kwenye zamu ya kufagia aliyeandikwa wa kwanza ni mama mkuu.