Emmanuel Kataliko: Askofu aliyefukuzwa jimboni kwa sababu ya barua ya Noeli

Familia nyingi za kusini mwa wilaya ya Lubero, Kivu Kaskazini, zimejua Noeli ya mbali na nyumba zao. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, mara tu baada ya Kanyabayonga, na watu wakashika barabara ya taifa namba 2 kuelekea Lubero na Butembo, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Desemba ya mwaka huo mapigano yalisogea kaskazini hadi Alimbongo, na wengine wakakimbia siku chache tu kabla ya sikukuu.

Mjini Butembo, wengi wa wakimbizi hao walipokelewa katika nyumba za wenyeji, wengine katika madarasa na makanisa. Desemba inapofika, parokia, wafanyabiashara na vikundi vya vijana hukusanya unga, maharagwe, sabuni na nguo kwa ajili ya wasio na kwao. Ni desturi njema, na watoto wengi wamekula Noeli kwa sababu yake.

Lakini jimbo hili la Butembo-Beni lilimlea pia mtu ambaye Noeli moja hakuishia kwenye sadaka. Aliandika waziwazi kuhusu wale wanaosababisha watu wakose nyumba, chakula na usalama. Wiki saba baadaye, yeye mwenyewe alizuiwa kurudi nyumbani kwake. Mtu huyo ni Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kwa zaidi ya miaka 30, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu.

Mtoto wa Lukole

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 huko Lukole, katika nchi ya Wanande, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Aliingia seminari akiwa kijana, kisha akapelekwa kusoma Roma, ambako alipewa upadri mwaka 1958. Ilikuwa nafasi adimu. Kongo ilipopata uhuru miaka miwili baadaye, Juni 30, 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1966 Papa Paulo VI alimteua kuwa askofu wa Beni. Alikuwa na umri wa miaka 34 hivi. Alichukua nafasi ya Henri Piérard, mmisionari wa shirika la Waasumpsionisti, akawa Mkongomani wa kwanza kuongoza jimbo hilo ambalo baadaye liliitwa Butembo-Beni.

Alikuta eneo lenye majeraha. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulikuwa umepita Beni na Butembo, na kuacha wafu, hofu na familia zilizotawanyika. Askofu kijana alianza kazi katikati ya watu waliokuwa wanajenga upya nyumba zao.

Mwaka Noeli ilipofutwa

Miaka yake ya mwanzo ilienda sambamba na utawala wa Mobutu Sese Seko. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Mwaka 1974 ilifuta Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa, na Desemba 25 ikawa siku ya kazi kama nyingine. Mwishoni mwa mwaka huo shule za makanisa zilichukuliwa na serikali. Haikuchukua muda serikali ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 zikarudishwa mikononi mwa makanisa kwa mkataba.

Kwa maaskofu wa Zaire lilikuwa somo gumu. Dola lililokuwa na nguvu za kufuta sikukuu halikuwa na nguvu za kulipa mwalimu wala kuziba shimo barabarani. Kadiri miaka ilivyosonga, wananchi wa Butembo na Beni walijua kwamba wasipojifanyia wenyewe, hakuna atakayekuja kuwafanyia.

Kataliko alilichukua hilo kama kazi ya Kanisa. Aliwahimiza wakristo kutengeneza barabara kwa mikono yao, kwa majembe na makoleo. Neno salongo, ambalo kwa wengi lilimaanisha kazi ya kulazimishwa na chama cha Mobutu, kwa watu wa huku lilipata maana nyingine: barabara inayomfikisha mama mjamzito hospitalini na gunia la maharagwe sokoni. Jimbo lilisimamia shule na vituo vya afya hadi vijiji vya mbali.

Mwaka 1989 kilizaliwa Butembo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na Kataliko ndiye mwanzilishi wake. Jina hilo limetoka kwa wanajiolojia, ambao huliita hivyo Bonde la Ufa linalopita mashariki mwa Kongo. Kijana wa Lubero sasa aliweza kusomea udaktari, sheria au kilimo bila kusafiri hadi Kinshasa au Kisangani. Katika mji ambao serikali haikuwa imeujengea chuo kikuu, watu hawajalisahau jambo hilo.

Kiti kilichokuwa na damu

Oktoba 29, 1996, Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa na wanajeshi katika mji wake, siku ambayo Bukavu ilikuwa inatekwa. Alikuwa ameutetea uhai wa wakimbizi wa Rwanda na wa wenyeji pia. Kiti chake kilibaki wazi kwa miezi.

Machi 1997 Papa Yohane Paulo II alimteua Kataliko kukikalia. Alikuwa na miaka 65 hivi, umri ambao wengi huanza kufikiria mapumziko. Aliacha jimbo lililomfahamu, watu wa lugha yake ya Kinande na kazi ya miaka 30, akaenda Kivu Kusini.

Vita ya kwanza ilikuwa haijaisha vizuri ya pili ikaanza, Agosti 2, 1998. Bukavu ikawa chini ya kundi la waasi wa RCD, lililoungwa mkono na Rwanda. Wakati wa kuvuka mwaka 1998 kwenda 1999, siku ambazo familia hukusanyika kula pamoja, raia wengi waliuawa Makobola, kusini mwa Uvira. Novemba 1999 ikatoka Mwenga habari ya wanawake waliozikwa wakiwa hai. Vijiji vilibaki vitupu. Watu walilala porini, wakaingia mjini bila kitu.

Barua ya Desemba 24, 1999

Katika hali hiyo, mkesha wa Noeli ya mwaka 1999, Kataliko aliwaandikia waamini wake. Angeweza kuandika salamu fupi za amani na kuomba kila familia imkumbuke maskini. Hakuna ambaye angemgusa.

Alichagua njia nyingine. Aliandika kwamba nguvu za kigeni, zikisaidiwa na baadhi ya Wakongomani wenyewe, zilikuwa zinafaidi utajiri wa nchi huku wenye nchi wakiishi kwa hofu na njaa. Hakuwaachia watu wake pia. Aliwaonya wale waliokubali kununuliwa na kufunga macho kwa ajili ya faida. Kisha akawaita wakristo wawe tayari kulipa gharama ya uhuru wao kwa ujasiri na kwa imani, akiwahakikishia kwamba Mungu hawaachi.

Barua hiyo ilisomwa, ikanakiliwa, ikapita mkono kwa mkono. Wakuu wa RCD waliisoma nao. Walimshutumu kwamba anachochea chuki na kuwagombanisha watu. Februari 12, 2000, alipokuwa anarudi jimboni kutoka safari, alizuiwa kuingia Bukavu na kupelekwa Butembo kwa nguvu.

Mgeni nyumbani kwao

Adhabu hiyo ilikuwa na ajabu yake. Waliomfukuza walimrudisha mahali ambapo kila mtu alimjua, mji uliokuwa wakati huo mikononi mwa tawi lingine la waasi. Alikuwa kwao, lakini hakuwa nyumbani. Askofu Mkuu ambaye hawezi kufika kwenye kanisa lake kuu ni mkimbizi hata akilala kwenye kitanda kizuri.

Bukavu haikunyamaza. Shughuli za Kanisa zilisimama kwa muda kwa kupinga kufukuzwa kwake, na shule zikafungwa. Mashirika ya raia yalipaza sauti, na habari zikafika Ulaya. Pasaka ya mwaka 2000 ilipita mchungaji akiwa mbali na kundi lake.

Ilichukua miezi saba. Septemba 14, 2000, Kataliko aliruhusiwa kurudi Bukavu, na umati ukajaa barabarani kumpokea. Furaha hiyo haikudumu hata mwezi. Alisafiri kwenda Roma kwa mkutano wa maaskofu, na Oktoba 4, 2000, akafariki huko kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 68. Mwili wake ulirudishwa Kongo, akazikwa Bukavu mbele ya watu wengi waliokuwa wamemshangilia wiki chache nyuma.

Mapema mwaka 2001, mamia ya wageni kutoka Ulaya, wengi wao Waitaliano, walifika Butembo kwa mkutano wa kimataifa wa amani uliokuwa umeandaliwa tangu enzi za uhai wake. Mji aliofukuziwa ukawa mahali pa kuzungumzia amani ya Kongo nzima.

Sadaka na swali

Leo jina la Kataliko linatajwa mara nyingi Butembo na Bukavu, hasa Desemba. Wengine humkumbuka kwa chuo kikuu, wengine kwa barabara. Ila kwa familia zilizokimbia Kirumba, Kayna au Kaseghe, sehemu ya maisha yake iliyo karibu zaidi nao ni ile Noeli ya 1999.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkulima wa Kirumba hahitaji kufundishwa jembe. Kwa miaka mingi mahindi, maharagwe na muhogo wa kusini mwa Lubero vimelisha masoko ya miji. Anachokosa ni shamba alilolikimbia na nyumba aliyoifunga kwa kufuli akidhani atarudi baada ya siku tatu. Mwenyeji aliyempokea naye si tajiri: chumba kimoja kinalala familia mbili, na sufuria iliyotosha watu sita sasa inagawiwa kwa kumi na watatu.

Gunia la unga linalofika Desemba 24 ni la lazima, na anayelitoa anastahili shukrani. Kataliko mwenyewe aliongoza jimbo ambalo watu wake walizoea kuchangia kwa mikono na mifuko yao. Lakini gunia huisha kabla Januari haijafika katikati. Karo ya shule inabaki, kodi ya nyumba inabaki, na shitingi iliyotobolewa na mvua inabaki kuvuja.

Hapo ndipo barua yake bado ina kazi. Inamdai anayetoa sadaka asikubali kunyamazishwa na sadaka yake mwenyewe, na inamdai mwenye madaraka, awe wa Kinshasa, wa Goma au wa nchi jirani, ajibu kwa nini mama wa Kirumba anasherehekea kuzaliwa kwa Mtoto asiye na nafasi katika nyumba ya wageni, naye hana nafasi. Kwa kudai majibu ya namna hiyo, Kataliko alipoteza miezi saba kati ya minane ya mwisho ya maisha yake.