Charles Dotter: Daktari Aliyenusuru Mguu Bila Kuukata

Na Mwandishi Wetu, Lupingu

Anayetoka Lupingu, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, kwenda Ludewa mjini hana budi kuipanda Milima ya Livingstone. Mwenye afya njema huikwea akihema tu. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni hushikwa na maumivu ya kigimbi baada ya mwendo mfupi. Akisimama yanatulia, akiendelea yanarudi. Wengi hudhani ni uzee au baridi yabisi, na huja kuelewa ukweli pale kidole cha mguu kinapoanza kuwa cheusi.

Kwa karne nyingi, mguu uliofikia hatua hiyo ulikatwa. Aliyefungua njia nyingine alikuwa daktari wa Marekani ambaye naye alikuwa mpanda milima: Charles Theodore Dotter.

Dotter alizaliwa Boston tarehe 14 Juni, 1920. Alisoma Chuo Kikuu cha Duke, kisha akahitimu udaktari Cornell mwaka 1944. Tangu utotoni alipenda kufungua mashine ili ajue zinavyofanya kazi, na tabia hiyo aliingia nayo katika fani ya radiolojia, yaani uchunguzi wa mwili kwa picha za eksirei. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 32, aliteuliwa kuwa profesa na mkuu wa idara ya radiolojia katika Chuo cha Tiba cha Oregon, mjini Portland. Wadhifa huo aliushika hadi kifo chake.

Wakati huo kazi ya mtaalamu wa picha ilikuwa kuonesha mahali penye tatizo; kutibu ilikuwa kazi ya daktari wa upasuaji. Dotter hakuridhika na mgawanyo huo. Mwaka 1963, alipokuwa akimpima mgonjwa, mrija mwembamba aliokuwa akiupitisha katika mshipa ulipenya mahali palipokuwa pameziba na kuufungua bila yeye kukusudia. Juni mwaka huohuo, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Karlovy Vary, Chekoslovakia, aliwaeleza wenzake kuwa mrija huo ungeweza kuwa chombo cha tiba badala ya kuwa cha uchunguzi peke yake.

Nafasi ya kulithibitisha hilo ilikuja tarehe 16 Januari, 1964. Mwanamke mwenye umri wa miaka 82 alikuwa amelazwa hospitalini mjini Portland, mguu wake ukiwa na kidonda kisichopona na vidole vilivyoanza kuoza. Madaktari walimshauri akatwe mguu, naye akakataa katakata. Dotter, akisaidiwa na Melvin Judkins, alipitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja hadi ukavuka sehemu iliyobana, kisha akasukuma juu yake mirija iliyozidi kuwa minene, mmoja baada ya mwingine. Muda mfupi baadaye mguu uliokuwa wa baridi ulipata joto. Maumivu yalikoma, kidonda kikapona, na bibi huyo akaendelea kutembea kwa miguu yake kwa karibu miaka mitatu hadi alipofariki dunia.

Pamoja na mafanikio hayo, madaktari wengi wa upasuaji nchini mwake walimwona mtu wa kujitafutia sifa, na wengine wakamwita mwehu. Ulaya ilimsikiliza mapema zaidi, na madaktari wa huko wakaligeuza jina lake kuwa kitenzi cha kuitaja tiba hiyo. Mjini Zürich, Andreas Grüntzig aliiendeleza kwa kutumia puto dogo linalojazwa ndani ya mshipa: mwaka 1974 miguuni, na mwaka 1977 katika mishipa ya moyo. Dotter mwenyewe alikuwa ameanza mwaka 1969 kujaribu, katika mishipa ya mbwa, nyaya zilizosokotwa ili kuuzuia mshipa usizibe tena. Stenti za leo zimetokana na wazo hilo.

Aliugua saratani ya tezi za limfu, lakini hakuacha kazi wala milima. Alivipanda vilele vyote 67 vya Marekani, ukiacha Alaska, vyenye kimo cha zaidi ya futi 14,000. Mwaka 1978 alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, ingawa hakuipata. Alifariki dunia Portland tarehe 15 Februari, 1985.

Urithi wake umefika Tanzania. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha shahada ya uzamili katika radiolojia tiba, fani ambayo Dotter huhesabiwa kuwa baba yake.

Tiba ya mishipa iliyoziba miguuni hufuata hatua ya ugonjwa. Mwanzoni mgonjwa huacha tumbaku, hufanya mazoezi ya kutembea kwa mpangilio, hudhibiti kisukari na shinikizo la damu, na hupewa dawa za kupunguza lehemu na kuzuia damu kuganda. Hayo yasipotosha, mshipa hupanuliwa kwa puto, pengine na kuwekewa stenti. Ikiwa sehemu iliyoziba ni ndefu, daktari wa upasuaji huweza kuipitisha damu kando kwa kutumia mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe. Kukata mguu hubaki kuwa hatua ya mwisho.

Mwananchi anayeumwa kigimbi kila anapotembea, au mwenye kidonda cha mguu kisichopona, hususan mvutaji wa sigara na mwenye kisukari, anashauriwa kufika kituo cha afya mapema. Kipimo cha kwanza ni chepesi: shinikizo la damu la kifundo cha mguu hulinganishwa na la mkono. Mguu ukipauka ghafla, ukawa wa baridi na wenye maumivu makali, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa nafasi ya kuuokoa ni ya saa chache tu. Ujuzi alioacha Dotter humfaa zaidi yule anayefika mguu ungali na uhai.