Thomas Cook, seremala aliyeanzisha kazi ya kupanga safari za watu

Mashirika makubwa ya leo hayamwachi mfanyakazi ajitafutie tiketi na hoteli anapotumwa ng'ambo. Kazi hiyo hupewa kampuni maalumu, ambayo huagiza na kulipia kila kitu, naye msafiri akabaki na hati tu mkononi. Misingi ya utaratibu huo iliwekwa katika karne ya 19 na Mwingereza Thomas Cook, ambaye hapo mwanzo hakuwa akiwafikiria wafanyabiashara hata kidogo.

Cook alizaliwa tarehe 22 Novemba 1808 katika mji mdogo wa Melbourne, jimboni Derbyshire. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10, akafanya kibarua cha bustani kwa ujira wa peni moja kwa siku, kisha akajifunza useremala. Alipofikia miaka 20 hivi alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, akizunguka vijijini, mara nyingi kwa miguu. Baadaye aliapa kutogusa pombe, kwa kuwa aliona jinsi ulevi ulivyokuwa ukizimaliza familia maskini.

Mwezi Juni 1841, akiwa njiani kwenda Leicester kwenye mkutano wa kupinga ulevi, lilimjia wazo la kuitumia reli, iliyokuwa ngeni bado, kwa ajili ya harakati hizo. Alipatana na kampuni ya reli, na tarehe 5 Julai takriban watu 500 walisafiri kwa garimoshi kutoka Leicester hadi Loughborough na kurudi, kila mmoja kwa nauli ya shilingi moja.

Mwaka 1845 alianza kuandaa safari kwa faida. Mwaka uliofuata alifilisika, lakini hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1851 aliwapeleka watu zaidi ya 150,000 London kutazama maonyesho makuu ya kimataifa, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini.

Kampuni za reli za Scotland zilipokataa kuendelea kumpa nauli nafuu mwaka 1862, Cook alielekea Bara la Ulaya, na mwaka 1863 akawapeleka wateja Uswisi. Huko ndiko kulikomlazimu kutafuta dawa ya tatizo la kila msafiri, yaani kulipa ugenini kwa fedha asizozijua, mbele ya watu wasiomjua. Mwaka 1868 alianzisha kuponi za hoteli. Mteja alilipa kabla ya kuondoka nyumbani, akamkabidhi mwenye hoteli kuponi, na mwenye hoteli akadai fedha zake kwa Cook. Mwaka 1874 zikafuata hati za fedha zilizobadilishwa benki na hotelini, zilizofanana na hundi za wasafiri za baadaye. Karatasi hizo zilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: Cook alilipa madeni yake.

Mwaka 1869 aliwapeleka watalii Misri na Palestina, na kati ya mwaka 1872 na 1873 aliongoza msafara wa kuizunguka dunia kwa siku 222.

Mwanawe, John Mason Cook, alikuwa mshirika wake, lakini hawakuelewana. Baba alichanganya biashara na hisani. Mwana aliitaka faida. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Thomas aliondoka katika uongozi wa kampuni aliyoiasisi. Chini ya John Mason, kampuni ilikuwa mkono wa dola. Mwaka 1884 serikali ya Uingereza iliikabidhi kazi ya kusafirisha askari wapatao 18,000 kupitia mto Nile, kwenda kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa na majeshi ya Mahdi mjini Khartoum, Sudan. Kikosi cha mbele kilifika Januari 1885, siku mbili baada ya mji kuanguka na Gordon kuuawa.

Miaka hiyohiyo ilikuwa ya majonzi kwa mzee Cook. Binti yake Annie alifariki nyumbani mwaka 1880, na mkewe Marianne mwaka 1884. Yeye mwenyewe alipofuka. Kampuni ilipoadhimisha miaka 50 mwaka 1891, mwasisi wake hakuwapo kwenye sherehe. Alifariki tarehe 18 Julai 1892, akiwa na umri wa miaka 83.

Wajukuu zake waliiuza kampuni mwaka 1928. Mwaka 1994 kitengo chake cha safari za kikazi kilinunuliwa na American Express. Sehemu iliyobaki, ya watalii wa kawaida, ilifilisika Septemba 2019 kwa kulemewa na madeni, ikawaacha maelfu ya wateja wamekwama ugenini. Iliwabidi Waingereza miongoni mwao warejeshwe nyumbani na serikali yao.