Thunchaththu Ezhuthachan

Thunchaththu Ezhuthachan (karne ya 16) alikuwa mshairi na mwalimu kutoka eneo ambalo leo ni jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa Uhindi. Huitwa baba wa lugha ya Kimalayalam. Anajulikana hasa kwa Adhyatma Ramayanam Kilippattu, utenzi unaosomwa katika nyumba za Wahindu wa Kerala kila siku ya mwezi wa Karkidakam.

Maisha

Alizaliwa Trikkandiyur, karibu na mji wa Tirur, katika wilaya ya sasa ya Malappuram. Ezhuthachan si jina la kuzaliwa bali ni cheo. Limetokana na maneno ya Kimalayalam yenye maana ya maandishi na baba, yaani mwalimu anayewafundisha watoto kusoma na kuandika. Mapokeo mengine husema aliitwa Ramanujan, lakini wataalamu hawakubaliani juu ya hilo.

Aliishi katika karne ya misukosuko. Vasco da Gama alifika pwani ya Calicut mwaka 1498 akitokea Malindi, na baada yake Wareno walipigana mara nyingi na Zamorin, mtawala wa Calicut. Ndani ya Kerala yenyewe jamii iligawanyika vikali kwa matabaka. Ezhuthachan hakuwa Mbrahmini. Alihesabiwa kati ya Washudra, ambao kwa desturi ya wakati ule walikatazwa kusoma Veda. Hata hivyo alikijua Kisanskrit vizuri, akafungua shule na kufundisha.

Kisa kimoja maarufu kinamhusu Melpathur Narayana Bhattathiri, Mbrahmini mwenye elimu kubwa aliyekuwa mgonjwa. Inasimuliwa kwamba alituma mtu kumwuliza Ezhuthachan apone vipi, akajibiwa aanze na samaki. Mjumbe alishtuka, kwa kuwa Wabrahmini wa Kerala hawali samaki. Lakini Melpathur alielewa kwamba alikuwa akiambiwa atunge utenzi wa kumsifu mungu Vishnu, akianza na umbo lake la kwanza duniani, ambalo ni samaki. Ndivyo, kwa mapokeo, ulivyoanza utenzi wa Narayaniyam.

Uzeeni Ezhuthachan alihamia Chittur, katika wilaya ya sasa ya Palakkad. Huko alianzisha makao ya mafunzo, na ndiko inakosemwa alifariki.

Kazi zake

Kazi zake kubwa mbili ni Adhyatma Ramayanam na Mahabharatam. Zote ni za aina iitwayo kilippattu, maana yake wimbo wa kasuku, kwa sababu mshairi humwomba kasuku asimulie hadithi. Wengine hueleza kwamba kwa njia hiyo mtu asiye Mbrahmini aliweza kusimulia mambo matakatifu bila kuonekana anajitwalia nafasi ya mwalimu wa dini.

Ramayana yake imetokana na Adhyatma Ramayana ya Kisanskrit, ambamo Rama ni Mungu mwenyewe na si mfalme shujaa tu. Ezhuthachan hakutafsiri neno kwa neno. Alifupisha hapa, akarefusha pale, na kuongeza sala na sifa. Lugha yake ilichanganya Kimalayalam cha watu na maneno mengi ya Kisanskrit, kwa mizani inayoimbika kwa urahisi.

Hakuwa wa kwanza kutunga kwa Kimalayalam: Cherusseri na washairi wa Niranam walimtangulia. Lakini tenzi zake zilienea kuliko zote, na pamoja nazo zilienea herufi zenye asili ya Grantha, ambazo zinaweza kuandika sauti zote za Kisanskrit. Hizo ndizo msingi wa mwandiko wa Kimalayalam wa leo.

Usomaji wa Karkidakam

Karkidakam ni mwezi wa mwisho wa kalenda ya Kimalayalam, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Umepewa jina la nyota ya Kaa (Saratani). Ni wakati wa pepo za kusi na mvua kubwa. Zamani kazi za shamba zilisimama, akiba ya mpunga ilikwisha na magonjwa yalizidi, hivyo uliitwa mwezi wa umaskini. Familia nyingi huepuka kufunga ndoa mwezi huo. Watu hunywa uji wa mchele uliopikwa na mitishamba ili kuupa mwili nguvu.

Jioni taa ya mafuta huwashwa, na mmoja wa nyumbani, mara nyingi mzee, husoma kwa sauti sehemu ya Ramayana ya Ezhuthachan. Kitabu hugawanywa ili kimalizike siku ya mwisho wa mwezi. Hahitajiki kuhani wala Kisanskrit. Anayejua kusoma anatosha.

Siku ya mwezi mwandamo kuandama bado, usiku ukiwa wa giza, watu huenda mitoni na baharini, kwa mfano Thirunavaya na Varkala, kuwatolea wazee waliofariki matonge ya wali na ufuta. Wengine huzuru siku moja mahekalu manne ya Rama na ndugu zake: Thriprayar, Irinjalakuda, Moozhikkulam na Payammal. Karkidakam ukiisha huingia Chingam, mwezi wa mavuno na sikukuu ya Onam.

Urithi

Mahali panapoaminika kuwa nyumbani kwake, Thunchan Parambu mjini Tirur, pana kumbukumbu yake. Kila mwaka siku ya Vijayadashami wazazi hupeleka watoto wadogo hapo waandikishwe herufi zao za kwanza. Serikali ya Kerala ilianzisha mwaka 1993 Tuzo ya Ezhuthachan, heshima yake kubwa kabisa ya fasihi. Chuo Kikuu cha Kimalayalam, kilichoanzishwa Tirur mwaka 2012, kina jina lake.