Kazadi Mwamba, kipa ambaye bei yake haikujulikana

Ukitaja jina la Kazadi Mwamba mbele ya wapenzi wa mpira, wengi wanakumbuka magoli aliyofungwa kule Ujerumani. Lakini mtu akitaka kupima kipa huyo alikuwa na thamani gani, aanze mbali kidogo.

Kazadi alizaliwa mwaka 1947. Alilinda lango la TP Englebert ya Lubumbashi, ile ekipe ambayo leo inaitwa TP Mazembe. Ekipe hiyo ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, tena ikafika fainali ya 1969 na ya 1970. Mwaka huo wa 1968, Kongo ilishinda Ghana 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Afrika kule Addis Ababa.

Mwaka 1973, gazeti la Ufaransa, France Football, lilipanga wachezaji bora wa Afrika. Tshimen Bwanga alikuwa wa kwanza, Kazadi wa pili. Kipa kushika nafasi hiyo si jambo dogo, maana kura nyingi zinaenda kwa wale wanaofunga. Machi 1974, Zaire ikachukua tena Kombe la Afrika, kule Misri.

Halafu ikaja Kombe la Dunia, Juni 1974. Machi ya kwanza, Scotland ilishinda Zaire 2-0 tu. Kabla ya machi ya pili, wachezaji walijua kwamba hawatalipwa primi zao, wakataka kugoma. Walicheza hivyo hivyo, roho zimevunjika. Tarehe 18, Yugoslavia ilikuwa imefunga magoli matatu hata nusu saa haijafika. Kazadi akatolewa, Tubilandu akaingia. Kubadilisha kipa hakukusaidia kitu: machi ilimalizika 9-0.

Siku nne baadaye Kazadi alirudi golini. Brazil ilihitaji magoli matatu ili ipite. Lile la tatu, shuti la Valdomiro, lilimponyoka likapita karibu na mlingoti. Dunia yote iliona kwenye televisheni, na wengi wakamhukumu kwa ule mpira mmoja.

Kwa kawaida, bei ya mchezaji inajulikana pale klabu inapotaja pesa na ingine inakubali ama inakataa. Leopards hawakufika hapo. Miaka ya 1960 utawala wa Mobutu ulirudisha nyumbani Wakongomani waliokuwa wanacheza Ubelgiji, na kisha Leopards hawakuruhusiwa kwenda kucheza nje. Soko lilifungwa, na Kazadi akabaki na makombe bila bei. Alikufa mwaka 1996, hata miaka 50 hajafikisha.

Leo kijana anayecheza kwenye uwanja wa Matokeo hapa Butembo ama Kalinda kule Beni anaweza kutazamwa na mtafuta wachezaji machi moja tu. Akikosea mpira mmoja, basi, amefutwa. Anayepima haki angeuliza kwanza: kijana huyu amecheza misimu mingapi? Mabeki wake ni wa namna gani? Na siku ile aliyokosea, je, alikuwa amelipwa?